Picha za Kutisha za Bei Poa: Kipimo cha Mwenye Banda

Kazi yangu katika banda la vidio la ami, hapa Malindi, ilikuwa kuchagua picha. Kukata tiketi na kufagia walifanya wengine. Kila alasiri nilijifungia na rundo la diski mbele ya runinga, nikaamua ipi itawekwa baada ya Isha na ipi irudi kwa aliyetuuzia.

Picha kubwa hazikunisumbua. Picha ya ngumi yenye stelingi anayejulikana hujaza banda hata diski yake ikiwa na mikwaruzo. Taabu ilikuwa hizi za kutisha na za taharuki zilizotengenezwa kwa pesa ya mkopo, zenye majina ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia, zilizokuja zimebanwa saba au nane katika diski moja. Humo ndani huenda ikawamo moja ya maana. Zilizobaki zinaweza kukufukuzia wateja, na wateja wetu walikuwa wavuvi, madereva wa tuktuk na vijana wa ufuoni, watu ambao wakichoshwa hawanuni kimyakimya. Wanakuja mlangoni kudai shilingi zao. Ami alikuwa akiniambia, "Mwanangu, wa leo akiondoka na hasira, kesho haji yeye wala jirani yake."

Basi nikajifunza kupima, na siku hizi banda limekufa, watu wanajazia picha kwenye flashi au wanatazama simuni, lakini swali ni lile lile: hii inafaa au nitapoteza usiku wangu?

Kava niliacha kuliamini mapema sana. Mnyama mwenye meno aliyechorwa pale mbele huenda hayumo ndani kabisa, na yule mrembo aliyeshika shoka huenda anaonekana dakika mbili akifa. Kava ni kazi ya muuzaji. Kuna hata picha zinazopewa jina la kukaribiana na picha kubwa ya mwaka huo ili mtu mwenye haraka achanganyikiwe. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na trela: wanakusanya vishtuko vyote vya saa moja na nusu, wanavimwaga katika dakika mbili. Trela ikinionyesha jini waziwazi, uso na kucha, najua walichokuwa nacho kimeishia hapo.

Wengine hutazama bajeti, na hapo pana ubishi mzuri. Mpenzi wa picha hizi atakutajia Paranormal Activity, ambayo Oren Peli, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego kwa dola 15,000 hivi. Ilionyeshwa mara ya kwanza 2007, na ilipokwisha kuzunguka dunia ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 190. Atakutajia pia The Blair Witch Project ya 1999, ambapo waigizaji watatu walipewa kamera wajirekodi wenyewe msituni Maryland, bila kuambiwa kila kitakachowapata usiku, nayo ikakaribia dola milioni 250. Ni kweli tupu. Lakini mbona kila siku ni hizo hizo? Kwa sababu zilifaulu. Zile nyingine zilizopigwa msituni kwa kamera ya kutetemeka na watu watatu wakiitana majina gizani, mimi nimezitazama kwa ajili yenu, na afadhali ningelala. Pesa kidogo haithibitishi ubora wala ubovu. Inachofanya ni kumwondolea mtengenezaji pa kujificha: akili anayo ama hana, na utaiona mapema.

Kipimo cha kwanza kilichonifaa sikukipata kwenye picha, nilikipata kwa wateja. Pale mlangoni tuliuza njugu na mabuyu. Banda likijaa, unasikia watu wakitafuna mfululizo, karatasi zikikunjwa, mtu akitema kokwa ya buyu. Mimi nilikaa nyuma kabisa, runinga naiona kwa shida, nikawa nasikiliza meno. Picha ikishika, kutafuna kunakata. Si wakati wa ukelele, la. Kelele ikipigwa watu wanaruka, wanacheka, wanaendelea kula. Njugu zilikoma pale ambapo hakuna kilichokuwa kikitokea: mlango uko wazi kidogo, mwanamke anaosha vyombo amegeuza mgongo. Picha inayoweza kunyamazisha njugu kwa mlango tu, hiyo niliweka tena wiki iliyofuata.

Kwa hiyo kishtuko hakinidanganyi. Kumshtua mtu ni rahisi, hata paka akiangusha sufuria unashtuka. Ninachotafuta ni kule kungoja kabla yake.

Halafu sauti. Usiku mmoja waya wa runinga ulilegea katikati ya picha, kioo kikawa cheusi, ila spika zikaendelea. Nikaruka kwenda kuushika, nikitarajia matusi. Sauti moja kutoka viti vya mbele ikaniambia, "We kaka, acha kwanza!" Kwenye giza tulisikia mtu akipanda ngazi, anasimama, anapanda tena. Hakuna aliyetoka. Nilipounga waya, yule mtu wa ngaziani tayari alikuwa ameingia chumbani, na alikuwa kijana mwembamba amevaa kinyago cha dukani. Banda zima likacheka. Mpaka leo nikitaka kupima picha ya bei poa nageuza uso ukutani dakika chache, nisikilize tu.

Picha maskini hufia hapo. Wengi wananunua kamera nzuri, siku hizi hata simu inapiga picha safi, lakini mazungumzo wanayarekodi kwa kinasa sauti kilichomo ndani ya kamera, mita tatu kutoka kwa msemaji. Matokeo yake mtu ananong'ona husikii kitu, unaongeza sauti, halafu muziki unakupasua masikio na watoto wanaamka. Upepo unavuma kwenye sentensi moja, sentensi inayofuata hakuna upepo, na hao watu hawajasogea hata hatua. Jicho linasamehe ukungu na rangi mbovu. Sikio halina msamaha huo. Nikisikia sauti ya chumba inabadilika kila kamera inapogeuka, nazima, kwa sababu aliyeshindwa kusikiliza kazi yake mwenyewe hakuisikiliza hadithi pia.

Kuhusu kuonyesha na kuficha, walimu wangu walikuwa wavuvi. Diski zile zilikuja na papa wengi, papa wa kompyuta, papa wenye vichwa viwili, papa anayeruka kutoka majini kumeza ndege. Wavuvi wa Malindi wanamvua papa, wanamkausha, wanamuuza. Mzee mmoja wa ngalawa alitazama dakika tano akasema, "Huyu hata mapezi hayako mahali pake. Atazama." Basi, picha ikaishia hapo, maana kila papa alipotokea watu wakampigia makofi. Lakini niliweka Jaws ya Steven Spielberg, ya 1975, ambayo ni ya zamani kuliko wengi wao, na wale wale wanaume wakakaa kama waliofungwa. Ile haikuwa picha ya bei poa, ila ilifikwa na mkosi ambao wanyonge wangeuombea dua: papa wa mashine alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, mtengenezaji akalazimika kupiga mawimbi, miguu ya waogeleaji, na mapipa yanayoburutwa. Inapita zaidi ya saa nzima hujamwona samaki vizuri. Asiye na pesa ya papa mzuri angefanya hivyo tangu mwanzo, kwa hiari. Anayenichosha ni yule asiye na pesa hiyo ambaye bado anamleta papa wake mbele ya taa, dakika ya nne.

Ndiyo maana nasema kasoro si umaskini, kasoro ni kujitia tajiri. Nyumba moja, watu wanne na usiku mmoja, kama unazijua pembe zake, vinatosha. Ukishafika robo saa niwe naujua mlango wa nyuma uko wapi, nani ana ufunguo, na taa gani haiwaki. Nisipoujua mlango huo, siwezi kuogopa kitakachoingia kwa kuupitia. Damu nayo isinionyeshe ndoo nzima. Tuliwahi kuweka picha moja mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, yenye damu nyekundu ya kung'aa kama Vimto, na ilipomwagika mara ya tatu mtu akapaza sauti, "Tieni barafu tufuturu!" Baada ya hapo hata kifo cha mama wa stelingi kilikuwa kichekesho.

Juu ya stelingi, nina neno. Tulilelewa tukijua stelingi hafi. Ukimjua ni nani, unatulia. Atapigwa, atatupwa mtoni, atarudi. Sasa picha ya pesa ndogo haina uwezo wa kumlipa mtu maarufu. Sura zote ni ngeni. Watu wengi huona hilo ni upungufu, mimi naliona ni mtaji, kwa kuwa hujui nani atavuka usiku ule. Night of the Living Dead ya George Romero ilipigwa kwa dola 114,000 hivi, nyeusi na nyeupe, damu yake sharubati ya chokoleti, ikatoka 1968. Ilikuwa kwenye diski zetu karibu zote, na sababu yake ni ya kiofisi: wasambazaji walipobadilisha jina la picha walisahau kurudisha tangazo la hakimiliki, kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. Hata leo unaweza kuitazama bure bila kumwibia mtu, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu sehemu kubwa ya shughuli za banda letu.

Watu wamejifungia katika nyumba ya shamba, wafu wamewazunguka nje. Anayeongoza ni mtu mweusi, Duane Jones, mtulivu, mwenye akili, na banda letu lilimchukua kuwa ndugu tangu alipoanza kupigilia mbao madirishani. Usiku unapita, wenzake wote wanakwisha, anabaki yeye. Asubuhi wanakuja waokoaji na bunduki, wanamwona dirishani, wanamdhania ni mfu, wanampiga risasi. Mniwie radhi ambao hamjaiona, lakini ni ya 1968. Hakuna aliyedai pesa usiku ule. Walitoka wakasimama barabarani wakibishana kama wale walimwona kweli au walimwona mweusi tu wakafyatua, na muuza kahawa alifunga dele lake akaenda zake wao wangali pale. Mimi sijui kipimo kingine cha picha kuliko hicho.

Picha za taharuki, zisizo na jini wala mfu, zina ugumu wake na nitapita haraka. Zinadai hoja. Jini anaweza kufanya apendalo, muuaji wa kawaida ni lazima apande ngazi kama wewe. Mtazamaji wetu ana swali moja tu, "Mbona hapigi simu?", na picha ambayo haina jibu la swali hilo mapema haitafika mwisho. Betri imekwisha, sawa, lakini nimeionaje ikipungua? Hapo pia ndipo unamjua mwandishi aliyeandika siku tatu na yule aliyekaa na hadithi yake. Kuandika vizuri hakugharimu zaidi ya kuandika vibaya.

Ila kipimo changu cha robo saa kina tundu, na lazima niliseme. Wajapani walitengeneza One Cut of the Dead, 2017, kwa yeni milioni 3 hivi. Dakika zake 37 za mwanzo ni kamera moja isiyokatwa, na kusema kweli ni ovyo: watu wanakaa kimya bila sababu, kamera inalala chini, mtu anatoka mlangoni na kurudi. Kwa kanuni zangu ningeizima. Kila kitu cha ovyo kina sababu yake baadaye, na sitaisema. Nilivumilia kwa ajili ya mpwa wangu aliyenishikia rimoti. Tangu hapo naangalia kama uovyo una mpango: makosa yakijirudia kwa namna moja huenda mtu anacheza nami, yakiwa kila moja na sura yake, ni makosa tu.

Sasa niende kwa za kwetu, Nigeria na Tanzania, kwa sababu vipimo vyote nilivyotaja hupata shida hapo. Mama yangu hakupata kukanyaga banda, lakini nyumbani alizitazama hizi za majini na mali ya kafara bila kukosa. Zile za Nigeria mwanzo wake mkubwa ni Living in Bondage ya 1992, iliyosambazwa kwa kanda za vidio tu, kwa lugha ya Kiigbo: mtu anaingia kwenye chama cha siri, anamtoa mkewe kafara ili atajirike, mke anarudi kumsumbua. Zilizofuata ni nyingi mno. Sauti mbovu, taa moja, mzimu umepakwa poda hadi masikioni. Ningezirudisha zote. Mama akaniambia, "Huyo wa poda mimi simwogopi, mwanangu. Namwogopa yule shemeji." Alikuwa na haki. Shemeji alikuwa amekaa sebuleni anakunywa chai, anauliza habari za hati ya nyumba. Mtengenezaji alikuwa hajui kupiga mzimu lakini alimjua shemeji barabara, na hofu ya picha ilikuwa kwake. Tangu siku hiyo najiuliza kitu cha kuogopwa hapa ni kipi hasa, maana mara nyingi si kile chenye kucha.

Na swali hilo lilinipeleka mahali ambapo sikupenda. Picha hizi nyingi zina bibi kizee. Mvi, mgongo umepinda, anaishi peke yake, na mwishowe ni yeye mchawi, kijiji kinamchoma na muziki wa furaha unapigwa. Tuliweka moja ya namna hiyo, ikashika vizuri mno. Njugu zilinyamaza kweli. Miongoni mwa wateja alikuwepo mzee mmoja wa Kigiriama, mlinzi wa usiku, aliyekuwa akija kabla ya zamu yake na kukaa karibu na mlango. Taa zilipowashwa kijana mmoja akamgeukia, "Mzee, si ni wewe yule?" Watu wakaangua kicheko. Mzee akatabasamu, akachukua rungu lake, akatoka. Hakurudi tena bandani.

Asiyeishi huku anaweza kuona ni utani. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukifuatilia unakuta shamba nyuma ya kesi, na mtoto au mpwa anayelitaka. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizo. Kwa hiyo picha ikinitaka niogope mvi, sitazami ilivyopigwa. Inaweza kuwa na sauti safi, ficho zuri, waigizaji wa kutetemesha. Kwangu haifai kutazamwa, na haikuwekwa tena. Ami aliniuliza kisa cha kuacha picha inayojaza banda. Nikamwambia kuhusu mzee. Akakaa, kisha akasema, "Basi iondoe, lakini unitafutie nyingine ya kujaza." Haki yake kama mfanyabiashara.

Bodi ya kuainisha filamu huku Kenya huweka alama, 16 na 18 na nyinginezo, na mzazi azitazame, maana mtoto wa miaka saba akiona mfu anafufuka ni wewe utakayelala naye wiki nzima. Alama hizo zinakwambia tu nani asitazame. Kama picha ni nzuri, hilo utajitafutia.

Mpwa wangu huyo wa rimoti sasa anapiga picha zake na wenzake kwa simu. Walikuja kwangu na wazo la Gede. Naelewa mvuto: magofu katikati ya msitu, kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, mizizi ya miti imekumbatia kuta, mji ulioachwa na watu wake, na tangu 2024 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Unasimama ndani ya msikiti ule na unahisi kuna mtu nyuma yako, bila taa wala muziki. Nikawaambia kwanza wakaombe kibali cha Makumbusho ya Taifa, pili mchana Gede ni kima wanaonyang'anya watu ndizi, watavuruga kila kitu. Wakaishia kwenye nyumba ya khalati yake, mjini, nyumba ya zamani ya mawe yenye ukumbi mrefu na ngazi ya giza. Bora zaidi, kwa sababu kila pembe yake anaijua.

Hadithi yao ya mwanzo ilikuwa, bila shaka, bibi kizee. "Mjomba, watu wanapenda," akaniambia. Nikamuuliza nyumba ya bibi huyo itarithiwa na nani. Walirudi baada ya siku kadhaa bibi akiwa ndiye anayesikia hatua ngazini usiku, na mwanawe wa Mombasa, mpole, amekuja na karatasi za kutia kidole gumba. Jini wa kompyuta waliyekuwa wamempakua wakamtoa, kwa shingo upande. Sauti za hatua wakazirekodi upya saa nane za usiku, muezini na bodaboda wote wamelala, kwa kuweka simu kwenye kidato cha ngazi chenyewe.

Nimeitazama mara mbili, mara moja nikiwa nimegeukia ukuta. Yule anayeigiza mtoto wa Mombasa anatabasamu kupita kiasi, na kuna onyesho jikoni linalorefushwa bure kwa vile tu mwanga wa dirishani uliwapendeza. Mwisho wameuharakisha. Lakini bibi anaposimama juu ya ngazi na kuuliza, "Nani? Ni wewe, mwanangu?", na hatua zinasita, khalati mwenye nyumba, aliyekuwa akitazama nasi na bakuli la njugu mapajani, aliacha kutafuna. Nimemwambia mpwa wangu akate dakika tatu za jikoni. Anabisha, anasema ule mwanga ndio bora kuliko vyote. Bado tunagombana.